Mwalimu na Zile Filamu Tatu

Hasira ya Mwalimu haikuwa na kelele. Tuliijua kwa chaki. Akiwa ametulia, mkono wake uliandika ubaoni upesi na kwa wepesi, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Akikasirika, aliikandamiza chaki mpaka ikavunjika, akaokota kipande kilichoanguka, akaendelea na herufi ileile bila kugeuka. Sisi nyuma yake tulihesabu vipande. Vikifika vitatu, hata yule Mrundi wetu mdogo, aliyekuwa hanyamazi kwa lolote, alikunja mikono akatulia.

Alinifundisha Kiswahili katika shule moja ya Hallonbergen, pembezoni mwa Stockholm, kwenye chumba walichohifadhia skii za kutelezea thelujini na mipira iliyotoka upepo, kila Jumatano saa tisa na nusu alasiri, wakati watoto wengine wamekwisha kwenda nyumbani. Sheria ya hapa humpa mtoto haki ya kujifunza lugha ya wazazi wake. Shule humpa chumba kilichobaki. Tulikuwa wanane: Wakenya wawili, Watanzania watatu nami nikiwemo, dada wawili ambao wazazi wao walitoka Bukavu, na huyo Mrundi, aliyeletwa kwa sababu mama yake hakutoka kazini kabla ya saa kumi na moja. Wengi wetu tulizaliwa hapahapa Stockholm. Alituuliza kwa Kiswahili, tukajibu kwa Kiswidi, akauliza tena swali lilelile kana kwamba hakusikia kitu.

Sitamtaja jina. Alikuwa nalo, zuri, la babu yake, na wachache sana waliowahi kulitumia. Kuanza kulitumia leo, wakati hayupo kunikataza, ningeona namvamia. Sisi tulimwita Mwalimu. Waswidi wa umri fulani walimwita kwa jina jingine, la kubuniwa, lisilo na maana katika lugha yoyote duniani. Hilo nalo sitaliandika, kwa sababu tofauti kabisa.

Alivaa suti ya kahawia na tai, na viatu vya ngozi vilivyong'aa hata theluji ya Machi ilipogeuka tope. Hapa mtu akiingia ndani huvua viatu mlangoni, na shule ile watoto na walimu wote walitembea na soksi. Mwalimu alibeba kwenye mfuko jozi ya pili, safi, ya kuvalia ndani. Mkuu wa shule aliwahi kumwambia kwa upole kwamba hakuna haja, wote hapa wanabaki na soksi tu.

"Nafundisha nikiwa na viatu," Mwalimu alimjibu. Mkuu hakurudia.

Yapo mengine aliyoyakataa. Hakupiga picha na darasa. Hakuruhusu mtu amguse kichwani, hata kwa utani. Hakuimba. Ilipokuja siku ya mataifa, shule iliandika barua ikiwaomba watoto waje na mavazi ya kwao, na Mwalimu akaombwa, kama inawezekana, alete ngoma. Alikuja na suti yake ya kahawia. Alitupanga mstari mmoja jukwaani, mbele ya wazazi na keki zao, akatuamuru tuseme jedwali la saba kwa Kiswahili, kuanzia saba mara moja hadi saba mara kumi na mbili. Tulipomaliza watu wakapiga makofi ya adabu. Mama yangu alikuwa amefura. Alitaka nicheze na kanga kiunoni kama mtoto wa jirani. Akamwendea pale kwenye keki.

"Mwalimu, umetunyima raha."

"Mama, binti yako anajua saba mara nane," alisema. "Kiuno atakijua mwenyewe."

Watu wengi walidhani anajiona, kwamba ni Mtanzania mwenye kudharau Kiswahili cha wengine. Hawakumwona siku ile alipomfukuza mzazi. Baba wa mwenzetu mmoja, mtu wa Dar es Salaam, alifika mapema kumchukua mwanawe akakaa nyuma kusikiliza. Zamu ya kujieleza ilikuwa ya mdogo kati ya wale dada wa Bukavu. Akasimama, mikono nyuma, akasema: "Miye minaishi hapa Hallonbergen, niko na dada moja, na mama yangu anatumikaka ku hospitali."

Yule baba akacheka. "Hicho nacho ni Kiswahili?"

Chaki ikavunjika.

"Bwana, tafadhali toka nje," Mwalimu alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Anayecheka lugha ya mtoto hakai darasani mwangu."

"Lakini Mwalimu, si wewe unayewasahihisha kutwa nzima?"

"Namsahihisha anayekosea. Huyu hakukosea. Hivi ndivyo wanavyosema kwao, na amesema sentensi nzima, toka mwanzo hadi mwisho. Wa kwako hajafika mwisho hata siku moja."

Yule baba alitoka, akakaa kwenye korido katikati ya viatu vidogo vya watoto mpaka kipindi kilipokwisha. Mwanawe hakuja tena kwa mwezi mzima. Mwalimu hakutuma salamu wala kuuliza.

Basi huyo ndiye mtu niliyemjua nikiwa na miaka kumi na mmoja, na ndiyo maana jambo lililotokea mwaka ule lilinichanganya sana. Tulipata mkuu mpya wa shule, Mswidi mrefu, mchangamfu, wa miaka hamsini hivi. Wiki yake ya kwanza alizunguka kila darasa kujitambulisha. Alifungua mlango wa chumba chetu cha skii, akaanza kusema jina lake, kisha akanyamaza akimtazama Mwalimu. Uso wake ukawa wa mtoto. Alitamka lile jina la kubuniwa, kama swali. Ndipo yule mtu mzima, mkuu wa shule, mbele yetu sote wanane, alipojipiga kifua kwa ngumi mbili na kupaza sauti maneno matatu yasiyo maneno. Yalikuwa milio tu ya kinywa, kama mtu anayemwigiza nyani anayetaka kusema.

Nilimtazama Mwalimu nikingoja amtoe nje.

Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, laini, ambacho sikuwahi kukisikia tena kwake. Mkuu akampa mkono, akatoa daftari dogo mfukoni, akaomba saini, na Mwalimu akatia. Kutoka nilipokaa niliona alichoandika. Hakuandika jina lake. Aliandika lile jingine.

Mlango ulipofungwa alitupa imla. Alitusomea maneno magumu, moja baada ya jingine, bila kupumzika, mpaka dada mdogo wa Bukavu akaanza kulia juu ya karatasi. Hapo akaweka kitabu chini, akaenda dirishani, akasimama akitupa mgongo mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa kicheko kuliko kwa imla.

Kiangazi kilichofuata niliona mwenyewe. Ilikuwa mchana wa mvua, mimi na baba sebuleni, televisheni ikionyesha filamu ya zamani ya safari za porini. Mwindaji wa Kizungu amepotea na binti wa rafiki yake, na anayewaongoza ni mtoto mweusi aliyevaa kipande cha ngozi kiunoni, anayepanda miti na kutembea na chui mchanga. Kila mtoto yule alipofungua kinywa yalitoka maneno yale matatu. Nilikitambua kidevu, na ile namna ya kusimama wima kama rula.

Baba alicheka mara ya kwanza mtoto aliposema. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alizima.

"Kwa nini Mwalimu anasema hivyo?" nilimwuliza kwa Kiswidi.

"Si yeye anayesema," baba alijibu kwa Kiswahili. "Hakuna mtoto wa kwetu anayesema hivyo. Na wewe usimwulize."

Sikumwuliza kwa miaka kumi na mitatu. Nilipoamua kuwa mkalimani nilimtafuta anisaidie kujiandaa kwa mtihani. Wakati huo alikuwa amestaafu, anaishi Farsta, ghorofa ya tano. Mkewe, Mswidi aliyekuwa mtunza maktaba, alikuwa amefariki, na watoto hawakujaliwa. Nilikwenda kila Alhamisi baada ya kazi. Alinipikia chai ya iliki kali mpaka inawasha koo, akanisomea barua za hospitali na za mahakama, nami nikazigeuza huku na huku. Alikuwa mpishi mbaya, na alijivunia upishi wake. Jumamosi asubuhi alikwenda sinema, peke yake, akakaa safu ya nyuma. Aliona kila filamu iliyokuja, nzuri na mbaya, akarudi na kuilaani. Nilimwambia mtu anayechukia filamu hivyo angekaa nyumbani.

"Nani amekwambia nazichukia? Nilikuwa hodari," alisema.

Ndivyo mazungumzo yale yalivyoanza, juu ya sahani ya pilau iliyoungua.

"Nilikuwa na viatu," aliniambia. "Andika hilo akilini kwanza. Baba alininunulia nilipofaulu kuingia darasa la tano. Wale watu wa filamu walikuja shuleni kwetu, karibu na Arusha, wakamwomba mwalimu mkuu mtoto anayeelewa Kiingereza na asiyeogopa kupanda. Nikaletwa. Nina viatu, soksi nyeupe, shati limepigwa pasi. Mwongozaji akanitazama toka juu hadi chini, akasema huyu anafaa, mvueni. Wakanivua. Wakanifunga ngozi kiunoni. Unajua ilikuwa ngozi gani?"

"Ya chui?"

"Ya mbuzi! Imechorwa madoa kwa rangi. Wakanipaka mafuta ning'ae. Siku ya tatu mama yangu alikuja kuniletea chakula, akanipita. Mama yangu mzazi. Alinipita, akamwuliza mpishi mwanangu yuko wapi."

Alisukuma sahani kando.

Karatasi za mchezo, alisema, hazikuwa na maneno yake. Waigizaji wakubwa walikuwa na kurasa na kurasa. Penye zamu yake paliandikwa tu kwamba mtoto anasema kitu. Akamwuliza mwongozaji aseme nini. Akaambiwa chochote. Basi mtoto wa darasa la tano alikaa chini ya lori kila jioni na kujitungia maneno. Penye mto alitunga: *Bwana, usivuke hapa, maji yana kina na mamba wamelala ukingoni.* Penye kaburi la mbeba mizigo alitunga sala fupi. Aliyakariri, akayasema mbele ya kamera kwa Kiswahili ambacho mwalimu wake wa darasa angekisifu. Filamu mbili zilipigwa hivyo, moja baada ya nyingine.

"Wakanileta hapa Stockholm kuizindua ya kwanza, na kuipiga ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jumba la sinema limejaa. Nimekaa mbele, kati ya mwindaji na yule binti, nimerudishiwa viatu kwa siku ile moja. Nikajiona kwenye mto. Nikafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mwanamke."

Walikuwa wameifuta sauti yake. Kiswahili chake, walimweleza baadaye, kilisikika kama mtoto anayesoma kitabu. Watazamaji wasingeamini kwamba anatoka porini. Mwigizaji mmoja wa kike, Mswidi, aliitwa, akabuni yale maneno matatu, akayabandika kila mahali katika filamu zote mbili. Mtoni palikuwa na yale matatu. Kaburini palikuwa na yaleyale matatu. Ukumbi mzima ulicheka na kushangilia, na taa zilipowaka watu walimzunguka wakimwomba ayaseme.

"Ukayasema?"

"Nilikuwa mtoto mwenye adabu, binti. Watu wazima waliniomba."

Filamu ya tatu ilipigwa ndani ya ukumbi nje kidogo ya mji. Nje theluji, ndani msitu wa karatasi na plasta, taa kali, na mtoto aliyepakwa mafuta akitetemeka kila taa zilipozimwa. Yule chui mchanga wa filamu za mwanzo alikuwa amekua. Mtunzaji wake alisema asiachiwe bila kamba. Mwongozaji akasema kamba itaonekana. Chui alimrukia Mwalimu begani na kumwangusha kwenye plasta, na kamera haikuzimwa mpaka mtunzaji alipoingia mbio kati yao. Kovu nililiona siku ile; alifungua kifungo kimoja akanionyesha, akafunga tena.

"Kipande kile wamekiacha ndani ya filamu," alisema. "Hawakukigusa. Katika filamu zote tatu, sauti yangu mimi ipo mahali pamoja tu, pale ninapolia."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilitaka kuvunja kitu. Nilimwuliza majina, nikasema nitaandika gazetini, nitakwenda kwenye televisheni inayoendelea kuonyesha uchafu ule kila kiangazi. Alinisikiliza akikoroga chai.

Mwaka uliofuata ile filamu ya tatu, alisema, sauti yake ilikuwa nzito na miguu mirefu, na kampuni haikumhitaji tena. Mama mmoja Mswidi aliyeshughulikia mavazi ya filamu, aliyekuwa amempa chumba kwake wakati wote ule, ndiye aliyewaandikia wazazi wake na kumwingiza shule hapa. Alipofika miaka kumi na minane alirudi nyumbani, akiamini amerudi moja kwa moja. Lakini gari la sinema lilikuwa limekwisha pita huko na kutandaza shuka jeupe viwanjani. Sokoni watoto walijipiga vifua. Mjomba wake, siku ya posa, alimwomba awaonyeshe wageni yale maneno. Alikaa miezi minane.

"Kule waliona msitu, hapa waliona msitu," alisema. "Nikachagua penye baridi. Angalau suti inafaa."

Sasa nieleze lililotugombanisha. Chini ya kitanda chake alikuwa na masanduku mawili ya barua kutoka kwa Waswidi waliompenda utotoni. Zilikuwa bado zinakuja. Watu wa miaka sitini walimwandikia kwamba alikuwa shujaa wao, kwamba walilala na picha yake chini ya mto. Naye aliwajibu wote, kwa mkono, kwa Kiswidi kizuri kuliko chao, na chini akatia saini ile ya kubuni. Nilipoligundua hilo nilipandwa na hasira ambayo bado sijaimaliza. Nilimwambia anawasaidia kujisahaulisha. Nilimwambia sisi watoto wanane tulimwona siku ile akicheka mbele ya mkuu wa shule, na kwamba kicheko kile kilituumiza kuliko imla zake zote.

"Najua kiliwaumiza. Niliwaona," alisema.

"Basi kwa nini, Mwalimu?"

"Mtoto aliyeniandikia hakunifuta sauti. Alinipenda kwa alichoonyeshwa. Nimkasirikie nani, mtoto?"

"Si watoto tena!"

"Kwangu ni watoto." Kisha akasema, kwa sauti iliyonikata, "Na wewe usinichagulie hasira yangu. Ninayo ya kutosha, na najua inakokaa."

Niliondoka bila kumaliza chai. Nilifaulu mtihani, nikampigia simu kumwambia, tukapatana kwa namna ya watu wasioombana msamaha. Baadaye nikaolewa, nikahamia upande mwingine wa mji, Alhamisi zikawa mara moja kwa mwezi, kisha kadi na simu za sikukuu. Halafu simu yake ikawa haipokelewi. Nilisema nitakwenda Farsta kumwona. Nilisema hivyo karibu mwaka mzima.

Wakati wa kazi sisi wakalimani hatupewi jina la mtu, ila mahali, lugha na saa. Majira ya kuchipua yaliyopita nilitumwa nyumba ya wazee Hässelby, saa nne asubuhi: Kiswahili, mzee wa kiume, kiharusi. Nilipanda treni ya laini ya kijani mpaka inapoishia. Kwenye korido nilipokewa na mhudumu, mwanamke mnene mwenye uso mwema, wa miaka sitini na kitu, aliyenishika mkono kwa furaha.

"Unajua ni nani huyu?" aliniambia, na akalitamka lile jina. "Tangu apate kiharusi hasemi Kiswidi hata neno."

Ndani, juu ya kitanda, walikuwa wamebandika bango kubwa la filamu: mtoto anang'aa kwa mafuta, chui pembeni. Chini yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa Mwalimu, mkono wa kulia umelala pajani, amevaa sweta lenye doa la uji na soksi tu. Pembeni alikuwepo afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke kijana mwenye faili mapajani.

Kanuni ya kazi yetu inasema ukimkuta mtu unayemjua, sema, na ikibidi uondoke. Sikusema.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama kitambo. "Marahaba," alisema polepole, upande mmoja wa mdomo ukiburuta. "Fanya kazi."

Afisa alieleza, nami nikageuza. Mwezi ule mzee alikuwa amerusha kikombe mara tatu, na mara moja alimpiga mhudumu mkononi. Ameanzishiwa dawa ya kumtuliza. Leo wanataka kujua kama anaelewa mazingira yake, au sasa anahitaji kuhamishiwa upande ule wa milango inayofungwa kwa ufunguo.

"Muulize kama anajua yuko wapi."

"Niko Hässelby, treni inakoishia," Mwalimu alijibu. "Ghorofa ya pili. Dirisha langu linatazama maegesho ya magari. Leo ni Jumanne, na uji ulikuwa na madonge."

Mkalimani husema "mimi" badala ya anayemsemea, hivyo nilisema kwa Kiswidi kwamba niko Hässelby na uji ulikuwa na madonge. Afisa alitabasamu, akaandika.

"Kwa nini unarusha vikombe?"

"Mwulizeni huyo mama ananiambia nini kila asubuhi anapoingia."

Mhudumu akaona haya ya furaha. Akajigusa kifua kidogo kwa ngumi, akayasema yale matatu.

"Maana yake nini?" Mwalimu aliuliza.

Mhudumu alinigeukia mimi. "Sijui. Si ndicho Kiswahili chake?"

"Mwambie hakuna anayejua maana yake," Mwalimu alisema. "Yalibuniwa na Mswidi kwa sababu lugha yangu haikuwafurahisha. Mwambie kila asubuhi nikiamka, kabla sijajua kama mguu unasogea, nasikia hayo. Na bango hilo liondoeni."

Niliyasema yote. Mhudumu alifunika mdomo kwa kiganja, macho yakamjaa. Alikuwa amelinunua bango lile mwenyewe, akidhani litamchangamsha.

Afisa aliinama mbele. "Kwa hiyo unajisikiaje? Una wasiwasi?"

Mwalimu alikusanya pumzi. Ilimchukua muda mrefu kusema, na hakuna aliyemkatiza.

"Sina wasiwasi. Nina hasira. Ninayo tangu nina miaka kumi na mmoja. Hasira hii si ugonjwa, haikuletwa na kiharusi. Kikombe sikupaswa kurusha, na mama huyu namwomba radhi kwa mkono wake. Lakini hasira si ya kutibiwa. Mkinipa dawa ya kuiondoa, mnaniondoa mimi."

Nilifungua mdomo kugeuza, na mbele yangu nikaona mlango unaofungwa kwa ufunguo. Kiswidi kina neno *arg*, la mtu mwenye hasira, na katika faili la mzee aliyerusha vikombe neno hilo lina uzito wake. Kina neno jingine, *ledsen*, la mtu mwenye huzuni, jororo, ambalo halijawahi kumfungia mtu mlango. Nikasema *ledsen*. Nilisema mara tatu, kila penye hasira.

Afisa alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika, akafunga faili, akatuaga.

Nieleze kwanza mambo yalivyokwisha. Hakuhamishwa. Bango liliondolewa mchana uleule, na mhudumu aliniomba nimwandikie jinsi ya kusema "umeamkaje", akawa analisema kila siku, vibaya, naye akamsahihisha kila siku. Dawa ilisimamishwa baada ya majuma mawili. Aliishi miezi saba zaidi, nikamtembelea kila Alhamisi, na mara moja alirusha kikombe tena, safari hii ukutani, kwa sababu ya uji. Tulimzika tukiwa watu kumi na wanne, akiwemo dada mdogo wa Bukavu, ambaye sasa ni daktari.

Lakini siku ile, afisa alipokwisha toka na mhudumu kwenda kuleta ngazi, Mwalimu aliniashiria nisogee.

"Umewaambia nini?"

"Ulichosema, Mwalimu."

"Nimesema nina hasira. Wewe umesema *ledsen*."

Kiswidi kilikuwa kimemtoka mdomoni. Masikioni kilikuwa kimebaki chote.

"Wangekufungia," nilisema. Nilikuwa naanza kulia, na nilijikasirikia kwa hilo. "Mwalimu, niliogopa. Wangekufungia."

"Wanifungie na neno langu."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Yule anaondoka."

Nilikimbia. Afisa alikuwa mbele ya lifti, mkono mmoja umeingia kwenye koti na mwingine bado. Nilimwambia kwamba nimekosea kutafsiri, na kwamba mzee yule alikuwa mwalimu wangu na nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo.

"Umekosea wapi?"

"Neno moja, mara tatu. Hakusema ana huzuni."

Lifti ilifika, ikafunguka, ikafunga milango bila mtu. Alinitazama usoni, kisha akautoa mkono kwenye koti, akakaa kwenye benchi la korido na kufungua faili upya.

"Sema yote tangu mwanzo," alisema. "Polepole."

Nilifuta uso, nikasimama wima.

"Nina hasira," nikaanza.